Bustani ya Nyumbani Katika Masika na Upepo wa Kusi

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, yakapigwa chapa kwa ombi la Katibu)



 Bwana Katibu aliponiandikia barua kuniomba nizungumze, alinipa ruhusa ya kuchagua jambo nipendalo. Najua wengine wenu mlitazamia kusikia habari za mishahara, au za nyumba, au za likizo. Mambo hayo yana wasemaji wake, nao wayajua kuliko mimi. Mimi nimechagua jambo lililo nyuma ya nyumba ya kila mmoja wetu, yaani kile kipande kidogo cha ardhi kilichopo kati ya jiko na ua, nami nitasema jinsi ya kukilinda wakati wa masika. Huenda mtu akacheka moyoni, akasema, "Karani na jembe, wapi na wapi?" Nami nalisema hivyo hivyo zamani, na cheko lile lilinigharimu, ndiyo sababu nimesimama hapa.

Kwanza tukumbushane majira. Hapa pwani mwaka wetu huongozwa na pepo mbili. Kaskazi huvuma tangu Novemba au Desemba hadi Machi. Kusi huanza Aprili, hata Juni na Julai ikawa na nguvu nyingi. Pepo hizo zinapobadilishana zamu ndipo inapoingia mvua ya masika, tangu Machi hadi Mei. Basi mwenye bustani hupatwa na mambo mawili kwa pamoja: maji mengi chini, na upepo unaogeuka juu. Katika Dar es Salaam mwezi wa Aprili ndio unaopita miezi yote kwa mvua, nao kwa kawaida huleta zaidi ya milimita 200.

Tena upepo wa majira hayo si wa kudharau. Tarehe 15 Aprili mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na minazi mingi mno, kikavunja vyombo vya Sultani Barghash bandarini. Pemba, ingawa ni jirani, haikupata madhara kama hayo, na tangu hapo ikaipita Unguja kwa wingi wa karafuu. Miaka 80 baadaye, tarehe ile ile ya 15 Aprili, mwaka 1952, kimbunga kingine kiliingia nchi kavu karibu na Lindi. Na katika siku zetu hizi, mwezi wa Mei mwaka 2024, kimbunga kilichopewa jina la Hidaya kilifika Mafia. Sisemi haya kuwatia hofu, maana vimbunga ni nadra kwetu. Nasema ili tukumbuke kwamba masika si mvua peke yake, na kwamba mtu aliyeweka tumaini lake lote katika mmea wa namna moja huweza kulala tajiri akaamka hana kitu. Yaliyowapata wenye mashamba ya mikarafuu yalinipata na mimi, kwa kipimo kidogo, katika kiwanja cha mita 10 kwa 6.

Nalipohamishiwa mji huu nalipewa nyumba yenye kiwanja hicho nyuma yake. Nikafurahi, kwa kuwa katika shule ya misheni tulifundishwa kulima, na kila mwanafunzi alikuwa na sehemu yake. Walakini shule yetu ilikuwa bara, katika nchi ya mvua chache, nasi tulizoea kulima majaruba, yaani vitalu vilivyozama chini kuliko njia, ili maji ya ndoo yasipotee. Mwezi wa Februari nikalima vivyo hivyo hapa pwani. Nikapanda miche 40 ya nyanya, vitalu viwili vya mchicha, na mipapai mitatu ilikuwapo tangu zamani. Mke wangu, aliyezaliwa na kukulia pwani, akaniambia, "Baba watoto, vitalu hivi vitakuwa visima masika yakiingia." Nikamjibu kwamba mambo haya mimi nimeyasoma. Hakusema neno tena.

Nyanya zile nalikuwa nimekwisha kuzihesabu kabla hazijazaa. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa akianza shule, nami nalisema moyoni kwamba zitanunua sare na madaftari, wala sitakopa dukani mwisho wa mwezi. Ninyi nyote mwaijua ile wiki ya mwisho wa mwezi, jinsi ilivyo ndefu kuliko nyingine.

Mvua ikaja. Ikanyesha siku tatu, mchana na usiku, na upepo ukivuma kwa vishindo. Siku ya kwanza mbegu za mchicha zilielea zikaenda zao. Siku ya pili mipapai miwili ilianguka, maana mpapai una shina la uwazi na mizizi isiyokwenda chini sana, na udongo ulikuwa umelegea kama uji. Siku ya tatu nyanya zilianza kunyauka. Nalistaajabu sana kuona mmea unanyauka hali umesimama majini. Baadaye ndipo nilipofahamu sababu: mizizi nayo huvuta hewa, na hewa hiyo imo katika nafasi ndogo ndogo za udongo. Maji yakijaa katika nafasi hizo yasiondoke, mizizi hukosa pumzi na kuoza, na mzizi uliooza hauwezi tena kunywesha majani.

Jioni ya siku ile, kwa haraka na kwa hasira, nalishika jembe nikachimba mfereji ulionyoka tangu vitaluni hadi uani, nikatoboa chini ya ua. Maji yakatoka kwa mbio. Nikaingia ndani nimeridhika, nikalala.

Asubuhi, kabla sijavaa viatu vya kwenda kazini, nalisikia hodi. Nikamkuta jirani yangu, mzee mmoja aliyekuwa tarishi wa ofisini na sasa amestaafu, amesimama mlangoni na kikoi chake amekikunja hata magotini. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, Bwana Karani. Maji yako yamelala kwangu. Nimekuja kukuuliza utayachukua lini."

Nikafuatana naye. Jikoni mwake maji yalifika kifundo cha mguu. Kuni zilikuwa zikielea, na nusu gunia la unga, ambalo mkewe alilinunua liwe la mwezi mzima, lilikuwa limelowa lote. Mama yule alikuwa akiuchota unga ule kwa bakuli, akiutenga uliolowa kidogo na ule uliokwisha kuwa tope. Hakunitazama. Ndugu zangu, nimepata kuonywa na wakubwa wangu wa kazi mara kadha wa kadha, lakini sijapata kuona aibu kama niliyoiona pale jikoni.

Nikatia mkono mfukoni. Mzee akasema, "Unga utaulipa, hiyo ni haki ya mama huyu. Lakini ukisha kuulipa, maji yatarudi usiku huu. Jumapili njoo na jembe lako, nami nitakuja na langu."

Unga nikaulipa kwa fedha niliyokopa dukani, kwa hiyo sare ya mtoto ikangoja. Na Jumapili alasiri nikaenda. Mzee yule ni mtu wa Rufiji, nchi ya mto unaofurika, na mambo ya maji aliyajua tangu utotoni. Kwa muda wa miaka mingi makarani walimwita kwa kengele, naye akaja, akachukua mafaili, akaenda. Sidhani kwamba hata mmoja aliwahi kumwuliza neno lolote zaidi ya hayo. Siku ile mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa nikaja. Wawili miongoni mwenu mliomo humu mlipita mkitoka kanisani, mkaniona nimekunja suruali, mkaniita Bwana Shamba. Nimewasamehe.

Basi sasa nitaeleza yale niliyojifunza kwake, pamoja na mengine niliyoyapata baadaye kwa kusoma na kwa kujaribu.

Jambo la kwanza ni hesabu ya maji, na hilo latufaa sisi watu wa hesabu. Mvua ya milimita moja ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja changu ni mita za mraba 60. Mvua ya milimita 50 kwa siku, nayo si ajabu katika masika, hukitia lita 3,000, yaani madebe 150 ya lita 20. Paa la nyumba, lenye mita za mraba 48, humwaga madebe mengine 120. Jumla ni madebe 270 kwa siku moja. Hata kama udongo hunywa sehemu yake, yanayobaki yatakwenda mahali. Kazi ya mwenye bustani katika kiangazi ni kuleta maji. Katika masika ni kuyaaga kwa adabu, akijua yanakokwenda.

Jambo la pili ni tuta. Acheni majaruba mpaka kiangazi. Kabla ya mwezi wa Machi inueni matuta ya kimo cha shibiri moja au zaidi, na upana usiozidi mita moja, ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili bila mguu kukanyaga. Kama kiwanja kina mteremko, tuta na likingame mteremko, wala lisishuke pamoja nao, na vijia vilivyo kati ya matuta viinamishwe kidogo tu. Mfereji tuliouchimba mzee na mimi tuliupima kwa chupa yenye maji nusu iliyolazwa juu ya ubao ulionyoka: katika kila mita 10 ulishuka upana wa kiganja kimoja, basi. Ni mpana, si wa kina, na kando zake zimeachiwa nyasi. Unapita mpakani, nyuma ya jiko lake na nyumba mbili nyingine, hata mtaro mkubwa wa barabarani. Mzee alisema maji yafundishwe kutembea, yasikimbie, kwa kuwa yakikimbia huchukua udongo, na udongo ndio mali.

Jambo la tatu ni kupunguza maji kabla hayajafika chini. Wekeni bati la kukinga maji ya paa, na mapipa chini yake. Mapipa 4 ya lita 200 hushika lita 800, yaani theluthi ya yale ya paa niliyowahesabia. Lakini mapipa hayo yafunikwe vizuri, na makopo, vifuu na matairi yote yaliyotupwa uani yamwagwe maji kila wiki. Katika joto letu yai la mbu huweza kuwa mbu mwenye mabawa katika siku 7 hadi 14 hivi, na bustani inayoleta homa nyumbani haina faida hata ikijaa mboga.

Jambo la nne ni kuufunika udongo. Tone la mvua kubwa huurusha udongo, nao ukirukia majani ya chini huyapelekea magonjwa. Tandazeni nyasi kavu au majani ya migomba juu ya tuta, lakini yasigusane na shina, maana shina likikaa katika unyevu huoza. Nyanya ziegemezwe vijiti, zifungwe kwa kamba ya mkonge iliyolegea, na majani yanayogusa chini yakatwe. Wala msilime udongo uliolowa. Chukueni kidonge, kikamateni kiganjani, kisha kikandamizeni kwa kidole gumba: kikivunjika, limeni, kikinata kama udongo wa mfinyanzi, ngojeni. Udongo uliolimwa na kukanyagwa majini ukikauka huwa kama tofali. Na samadi itiwe kidogo kidogo, mara nyingi, na lundo lake lifunikwe, kwa sababu mvua kubwa huosha chakula cha mimea ikakipeleka chini mizizi isikofika.

Jambo la tano ni upepo. Kusi kwetu hutoka upande wa kusini na kusini-mashariki, kwa hiyo kinga iwe huko. Mimi nalifikiri ukuta usiopenya hewa ndio bora, nikajenga kwa mabati makuukuu. Upepo ulipofika uliruka juu yake, ukaanguka kwa kishindo upande wa pili, ukalaza bamia zote. Ua unaopitisha nusu ya upepo, mathalan wa mafito yaliyoachana au wa miti hai, huuvunja nguvu bila kuugombeza. Sasa nimepanda mbaazi kwa msongamano upande ule. Nalizipanda wakati wa vuli, zikawa ndefu kabla ya kusi kuanza, nazo hutupa mboga juu ya kutukinga. Mpapai upandwe juu ya kilima kidogo, kwa kuwa hauvumilii maji yaliyosimama hata siku chache. Na mgomba wenye mkungu uegemezwe mti wenye panda.

Jambo la sita ni kuchagua cha kupanda, na hapo ndipo nilipokosa kuliko pote. Si kila mboga hupenda masika. Matembele huyapenda, kateni marando, yachomekeni wakati wa mvua, nanyi mtachuma mpaka mchoke. Mihogo kwa ajili ya kisamvu haina matata, maadamu ipo juu ya tuta. Mchicha huwa tayari kwa wiki 3 au 4, kwa hiyo upandwe kidogo kidogo kila wiki mbili. Mvua ikichukua awamu moja, nyingine yaja. Bamia hustahimili zikikingwa upepo. Lakini nyanya zisipandwe kukutana na Aprili. Siku hizi mbegu zake naziotesha mwishoni mwa Aprili, katika kitalu kilichoinuliwa chini ya kibanda kidogo cha makuti, na miche naihamisha mvua zinapopungua mwishoni mwa Mei. Hapo hupata udongo wenye unyevu, na jua lisilo kali. Konokono nao waokotwe kwa mkono jioni na alfajiri. Ni kazi ya watoto, nao huipenda.

Masika yaliyofuata sikupata utajiri, nisije nikawadanganya. Pilipili ziliungua kwa ugonjwa, na tuta moja lilibomoka. Lakini hatukununua mboga za majani tangu Aprili hadi Juni, na nyanya za Agosti zilinunua viatu vya shule. Mke wangu alipoulizwa na dada yake ni nani aliyefundisha kupanda matembele pale, alijibu kwamba mume wake ameyasoma. Nalinyamaza, kwa kuwa nalistahili.

Nakaribia mwisho. Katika kuzungumza na wanachama wengi nimeona kwamba kila mmoja anajua kuinua tuta lake, au atajua baada ya siku moja. Lililo gumu ni lile la ua. Kila mmoja wetu akitoboa chini ya ua wake usiku, na kulala ameridhika, mji wote utaamka na unga uliolowa. Maji ya bustani yangu hayana njia ya kufika mtaroni isipokuwa kwa idhini ya majirani watatu, na yao vivyo hivyo.

Nami sisemi kama mtu aliyekwisha shinda. Mzee yule amerudi kwao Rufiji kupumzika, na nyumba yake imepata mpangaji mwingine, kijana, karani kama sisi. Mwezi uliopita amefukia kipande cha mfereji wetu ili ajenge banda la kuku. Hajui kwa nini mfereji ule upo, wala hakuna aliyemwambia, na huyo asiyemwambia ni mimi. Naliona aibu kumwendea, nikasema nitangoja. Masika hayangoji. Jumapili hii nitapiga hodi kwake, sina hakika atanipokeaje, nami nitachukua jembe ili aone kwamba sikwenda kumwamuru.

Basi nawaomba kila mwanachama kabla ya mwezi wa Machi afanye mambo mawili: ainue matuta yake, na apite nyumba za jirani zake kuulizana maji yatakwenda wapi. La pili lisingoje la kwanza.